Pikipiki ya Baba Iliponguruma Tena

Itiryo, Tarime
9 Januari 1994

Kwako dada yangu Regina,

Shikamoo dada. Pokea na shikamoo ya mke wangu Rhobi, maana anajua nakuandikia ingawa hajui ninachoandika. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kehancha, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa mazishi umepona. Sisi huku tunapumua. Mahindi tumevuna kiasi, ulezi umeliwa na ndege. Ng'ombe mwekundu uliyemwacha na mimba amezaa ndama jike. Mama yupo, ila macho yake yanazidi kufifia. Sasa anatutambua kwa kikohozi na kwa mwendo wa miguu.

Barua yako niliipokea mkononi mwa Akech, yule mama anayeuza dagaa soko la Sirari, na ndiye niliyempa hii. Nimemwambia asimkabidhi mtu mwingine hata kama umesafiri. Nakuomba uisome peke yako, tena uisome yote, kabla hujawaita wanao.

Uliniandikia mambo mawili. La kwanza, umesikia kwa watu wa mpakani kwamba pikipiki ya marehemu baba inanguruma tena barabarani, ukaniuliza nina moyo wa namna gani wa kustarehe juu yake wakati kaka yetu Nchagwa hajamaliza hata miezi mitatu kaburini. La pili hukuuliza, ulinijulisha tu: kwamba wanao wamegundua Otieno, yule mwenzake Nchagwa wa machimboni, anaishi nje kidogo ya Migori, anaziba pancha kwa mkono mmoja, na kwamba wanamngoja mkubwa wao arudi kutoka Kisii ili waende wakamlipizie mjomba wao kisasi. Dada, mambo hayo mawili ni jambo moja. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Wewe ulishaolewa wakati pikipiki ile ilipozimika, lakini utaikumbuka: Suzuki ya buluu aliyonunua baba alipokuwa bwana mifugo, ile inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Alikwenda nayo kuchanja ng'ombe hadi Nyansurura na Nyambureti, na moshi wake ulikuwa unatangulia kufika nyumbani kabla yake. Ilipogoma, muda mfupi baada ya vita vya Amini, aliisukuma mpaka stoo akaifunika gunia, akasema ataitengeneza. Kifo kilimkuta bado anasema. Kwa miaka kumi na mitatu kuku walitagia juu ya kiti chake.

Mwezi wa sita mwaka jana Nchagwa alikuja kutoka machimboni. Unajua alivyobadilika tangu dhahabu imvute. Aliondoka hapa na masikio mawili, akarudi na moja na nusu; ile nusu ilibaki mdomoni mwa mtu waliyegombania naye kiroba cha mawe. Alisimulia hayo huku anacheka, mama akanyanyuka akatoka nje. Alisema kule mtu halali bila panga ubavuni. Alisema wiki ile ile walimtoa mchimbaji shimoni hana uso, kwa sababu waliokuwa juu walimwachia jiwe makusudi, wapate kurithi alipokuwa anachimba. Aliyasema hayo kama mtu anayesema habari za mvua.

Alikuja na mwenzake, Otieno, Mjaluo mmoja mwembamba, mpole, ambaye walichimba naye shimo moja na kugawana nusu kwa nusu. Walikuwa wamefika kwenye mwamba mzuri, lakini karasha, yaani ile mashine ya kusaga mawe, ilikuwa ng'ambo ya mto. Gari halipandi kilima kile, na anayebeba kiroba kichwani anaporwa kabla hajafika. Ndipo Nchagwa akakumbuka stoo ya baba. Akaniambia, kwa kuwa mimi ndiye fundi, niifufue pikipiki na niwe dereva wao.

Nilimwambia haiwezekani. Nilipovuta gunia nilikuta pistoni imeganda ndani ya silinda kama kisiki ardhini. Kiki haikushuka hata kwa uzito wetu sote watatu. Lakini Otieno aliinama akaigusa, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mjomba wake huko Migori alikuwa na moja kama ile, nayo waliifufua kwa dizeli na subira. Tukamwaga dizeli na mafuta ya taa kupitia tundu la plagi, tukaiacha siku nne, kila jioni tunaongeza. Siku ya tano niliweka kipande cha mti juu ya pistoni nikagonga kwa nyundo, ikasogea upana wa ukucha. Nchagwa alitaka kuninyang'anya nyundo aigonge kwa nguvu zake. Otieno akamshika mkono. Kwa hilo tu Nchagwa alimpiga kofi mbele ya mama. Otieno alifuta mdomo, akaendelea kushika taulo la oili kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipaswa kusema neno siku ile. Sikusema.

Otieno ndiye aliyevuka mpaka kutafuta vipuri. Alirudi na pistoni na ringi zake zimefukiwa katika mfuko wa unga, na zile sili za mpira za pande mbili za injini, ambazo zikivuja pikipiki ya aina hii haiwaki kamwe hata uipige kiki mpaka Krismasi. Tangi lilikuwa limejaa kutu. Tulitia kokoto na mafuta ya taa, tukalifunga kwenye kamba tukawa tunalitikisa kwa zamu huku tunaimba. Platini, vile vyuma vidogo vya kuleta cheche, nilizisugua kwa msasa. Koili niliianika juani juu ya bati, Rhobi akawa analinda kuku wasiikanyage. Gasketi nilikata kwenye jalada la daftari, nikalipaka grisi.

Ilichukua wiki saba. Dada, sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Asubuhi tulipochanganya petroli na oili, kikombe kimoja kwa ishirini na vitano, kama baba alivyoandika kwa rangi chini ya kiti, nilipiga kiki mara kumi na tatu. Ya kumi na nne alipiga Nchagwa, ikarudisha teke likamchuna ugoko, naye akaitukana, na katikati ya tusi ikawaka. Moshi wa buluu ulijaa uani. Mama alitoka ndani ameshika ukuta, akauliza kama baba amekula. Halafu akakumbuka, akakaa kizingitini. Hata Mzee Ojwang, jirani, alisikia mlio akaanza kukusanya ng'ombe wake akidhani ni siku ya chanjo. Tulicheka sana. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka sisi watatu tukicheka.

Mwezi wa nane tukaanza kazi. Mimi naendesha, Nchagwa anakaa nyuma na viroba viwili vya mawe, panga limefungwa kwenye uma wa mbele. Otieno alitangulia karashani kutushikia zamu. Barabara zote za magari zilikuwa na watu wa kupora, kwa hiyo sisi tulipita njia ya ng'ombe, tukivuka mto kwenye mawe, mahali ambapo hakuna chombo kingine kinachoweza kupita. Kila mara tulibadilisha siku. Kwa wiki sita hakuna aliyetugusa.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa kumi jioni, tulikuta wanatungoja. Walikuwa wanne. Jiwe la kwanza lilinipata mdomoni. Ulipoona meno yangu wakati wa mazishi nilikuambia nilianguka, sikuanguka. Pikipiki ililala ubavu katikati ya maji, injini bado inalia. Nchagwa aliruka kabla haijafika chini. Alimkata wa kwanza begani mpaka nikaona mfupa mweupe, wa pili akampasua mkono aliouinua kujikinga. Hao wawili na mwenzao walikimbia na kiroba kimoja. Wa nne, mtu wa makamo mwenye mvi, mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya pikipiki.

Nchagwa hakumwua. Laiti angemwua tu. Tuliisimamisha pikipiki ukingoni, akamburuta mpaka ubavuni mwake, akaubandika mkono wa yule mtu kwenye eksozi. Kiganja chote. Akaniambia nivute mafuta ili izidi kupata moto, na mimi, dada, nilivuta. Bado nasikia harufu ile ninapochoma nyama. Nchagwa alimwuliza ni nani aliyewaambia siku yetu na njia yetu. Yule mtu alilia kwamba hajui, kwamba yeye ameitwa tu. Nchagwa akaubandika tena. Kisha akamwuliza, "Ni Otieno?" Yule mtu akapiga kelele, "Ndiyo, ndiyo, ni huyo!" Mtu anayechomwa hukubali jina lolote analopewa. Hata mimi ningekubali. Lakini Nchagwa alikuwa amepata alichokitaka. Alimkata mshipa wa kisigino akamwacha anatambaa kwenye majani.

Tulirudi nyumbani na kiroba kilichobaki. Kesho yake alfajiri, mke wangu aliniamsha akaniambia Nchagwa ameondoka kwa miguu, na panga halipo kwenye pikipiki. Nilijua anakwenda karashani. Nilikimbilia pikipiki, na kwa haraka yangu nikaifungulia mafuta mengi mno, plagi ikalowa. Niliitoa, nikaifuta kwa shati, nikaipasha kwenye jiko la Rhobi, nikairudisha. Nyuzi zake nikazifunga vibaya mara mbili. Ilipowaka jua lilikuwa limeshapanda.

Sasa nisome vizuri, dada.

Nilipotokeza juu ya karasha niliona wachimbaji wamesimama duara, hakuna aliyekuwa anaingilia. Otieno alikuwa chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Alikuwa ananyanyua ule mzima na kusema jina la Nchagwa, si kwa kupiga kelele, bali kama unavyomwita mtu aliyesinzia. Nchagwa alikuwa amenyanyua panga kwa mikono miwili. Niliita. Hakugeuka. Niliita tena, "Kaka, si yeye!" Hakugeuka.

Breki haikukatika. Sikuteleza. Niliachia klachi, nikavuta mafuta yote, nikamlenga. Nilimgonga kaka yetu na pikipiki ya baba, mpini wa usukani ukamgonga chini ya mbavu, akarushwa juu ya lundo la mawe, nami nikaanguka upande wa pili. Panga lilitua mbali na Otieno hatua tatu.

Aliyemwua Nchagwa ni mimi. Si wale wa mtoni, kama tulivyosema msibani. Si Otieno aliyetuuza, kama wanao walivyonong'ona wakichimba kaburi nami nikawasikia nikaendelea kuchimba.

Hakufa pale pale. Alikaa akaegemea mawe, hana damu nje ila kidogo mdomoni. Otieno alikuwa anamwaga damu kama bomba lililopasuka. Nilimfunga mkono kwa kipande cha tyubu, nikamnyanyua nikamweka kwenye kiti, nikamfunga mgongoni kwangu kwa tyubu nyingine asidondoke. Ndipo Nchagwa akanyoosha mkono akaniambia, "Mogesi, nipandishe na mimi." Nafasi ya abiria ni moja. Naweza kukuambia nilidhani yeye ameumia kidogo, na hiyo ni kweli kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilimwogopa. Nilimwambia nitarudi. Akasema, "Ndugu yako ni nani hapo?" Nikaondoka.

Hospitali ya mjini walimpokea Otieno, wakamkata mkono kwenye kiwiko, akaishi. Nilirudi mbio, pikipiki ikipiga kelele kama mnyama, lakini saa tisa nilipofika nilikuta wamemfunika turubai. Walisema aliomba maji mara mbili, mara ya tatu akamwita mama. Mwenye karasha aliniambia, na wachimbaji wote wakaafiki, kwamba tuseme ni majambazi wa mtoni. Ikijulikana kuna mtu ameuawa pale, karasha itafungwa na kila mmoja atakosa. Waliona wananisaidia. Nami nilikubali, nikamleta kaka yetu nyumbani juu ya mkokoteni, mkamlilia kama shujaa.

Hilo ni zito, lakini si la mwisho.

Nilimwambia Nchagwa "si yeye" kwa sababu nilikuwa najua ni nani. Jumanne ya wiki ile, siku ya mnada, nilikuwa kilabuni kwa Kezia. Watu walikuwa wananisifia pikipiki. Mmoja alisema mtambo wa zamani kama ule hauwezi kubeba mzigo mlimani. Nilikuwa nimekunywa, na nilikuwa najivuna, dada; kitu alichoshindwa baba, mimi nilikuwa nimekifufua kwa mikono hii. Nikasema mbele ya wote kwamba Alhamisi jioni itabeba viroba viwili vya mwamba mwekundu na watu wawili juu yake, na itavuka mto kwenye mawe ambako hata ng'ombe anasitasita. Mwenye mvi alikuwa amekaa karibu na mtungi. Nilimtambua pale pale mtoni, kabla Nchagwa hajamshika mkono. Yeye alinitambua pia. Kila alipolia kwamba hajui, macho yake yalikuwa kwangu. Na kaka alipotaja jina la Otieno, nilishusha pumzi. Hebu fikiria hilo. Nilishusha pumzi kwa sababu halikuwa langu, nikanyamaza njia nzima, usiku mzima.

Sasa nakujibu swali lako la kwanza. Siiendeshi pikipiki kustarehe. Tangu mwezi wa kumi na mbili nimevuka nayo kwa njia ya ng'ombe kwenda Migori mara tatu. Mara mbili nilisimama mbali nikamwona Otieno anashikilia gurudumu kwa goti na kulibandua tairi kwa mkono wake mmoja, nikageuza nikarudi. Mara ya tatu nilikwenda nikakaa mbele yake, nikamweleza ya kilabuni. Yeye alijua tu kwamba nilimwokoa. Alikuwa ananiombea kila siku, na mama yake, Dorka, pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia niondoke kabla Dorka hajarudi kutoka kisimani, kwa sababu yeye Otieno anaweza kunyamaza lakini mama yake hataweza. Sikuombwa kitu na sikusamehewa. Alirudia tairi lake.

Mama nimemwambia Jumapili iliyopita. Aliniomba nimpe mkono, akapapasa vidole kimoja kimoja kama anayetafuta mwiba, akaurudisha. Tangu siku hiyo hali chakula kilichopita mikononi mwangu. Rhobi ndiye anayempelekea. Ananisalimia ninapomwamkia, basi.

Nimekwenda pia kwa wazee wa ukoo. Wameniita Jumamosi ya wiki ijayo niseme hadharani, mbele ya waliobeba jeneza. Sijui watakaloamua. Nikiwa hai baada yake, nitakwenda polisi Tarime kwa miguu yangu. Nakuomba uje. Wewe ndiye mkubwa wetu sasa, na ninayosema mimi peke yangu hayatoshi. Lazima awepo mtu wa damu yake Nchagwa wa kuuliza ninayoyakwepa.

Na wanao, dada. Wakalishe chini uwasomee ukurasa huu, au wasome wenyewe. Otieno alikatwa na kaka yetu bila kosa, na mkono uliobaki ndio unaomlisha Dorka. Wakimgusa, tutakuwa tumemkata mara ya pili kwa uongo wangu, nao watabeba uongo huo mpaka watakapokuwa na wajukuu. Kama hawawezi kulala bila kulipiza, basi wasigeukie Migori. Waje Itiryo. Mlango wangu sitaufunga, na sitakimbia. Lakini waje kwangu wakijua ni mjomba wao wanayemwendea, wala wasidanganywe na mtu tena.

Nimechoka kuandika, na Akech ameshatuma mtu mara mbili kuuliza kama barua iko tayari, gari la Sirari linajaa. Nisalimie shemeji kwa heshima zote. Wasalimie watoto wadogo ambao hawajui haya. Rhobi anakusalimu sana, anasema akiba yako ya ulezi ameitenga kwenye chungu kikubwa. Mama hakunituma salamu, lakini jana nilimsikia akilitaja jina lako peke yake gizani, kwa hiyo zipokee kama zake.

Mungu akulinde, dada, hata kama baada ya leo hutaniita tena ndugu.

Mimi niliyewahi kuwa mdogo wenu wawili,

Mogesi Waitara